Kilichobadilika Nyumbani, Nikakuficha

Ilomba, Mbeya
Likizo ya mwezi wa sita

Kaka Lusajo mpendwa,

Kama umeifungulia barua hii njiani, ikunje kwanza. Ifungue tena ukiwa umekaa, na kama kuna mwenzako unayemwamini hapo karibu, mwombe asiondoke. Najua utasema, huyu naye kaanza mambo yake. Lakini nimekwisha kukuandikia barua tatu za kukuficha, na sitaki hii ya nne ianze kwa kuzunguka. Mama amefariki. Alifariki mwezi wa tatu, kwa kichomi, katika zile mvua ambazo nilikuandikia kwamba zimeangusha choo cha jirani. Choo nilikuandikia. Mama sikukuandikia.

Nimeziandika hizo sentensi chache na mkono umekuwa wa baridi, kama nimeuchovya kwenye ndoo ya asubuhi, na maji yetu ya mwezi wa sita unayajua. Wewe unanielewa nilivyo. Darasani mwalimu akiuliza swali ambalo jibu lake ninalo, naangalia dawati mpaka amtaje mwingine. Kalamu ndiyo inayonisemea, na hiyo kalamu nayo nimeitumia vibaya. Mimi na wewe tumezoea kuchanganya na Kiingereza chetu cha shule, ila hii naiandika Kiswahili kitupu, kwa sababu lazima Baba aisome kabla haijatoka. Bahasha siifungi. Nikimaliza naiweka mezani ikiwa wazi, kila mtu wa nyumba hii aone nilichokuambia.

Kinachonikimbiza ni simu yako. Barua yako ya mwisho ilifika Ijumaa. Umesema umeomba simu ya kuja posta ya Mbeya, Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa saba, saa nane mchana kwa saa za kwetu. Ukaandika, "Miaka miwili sijaisikia sauti ya Mama. Mleteni, hata akiishia kunigombeza." Zimebaki wiki tatu. Barua huchukua wiki mbili kufika kwako, na mara nyingine zaidi. Hii isipoondoka leo, simu italia kabla hujaisoma, na wewe utaomba upewe Mama. Jinsi watu walivyopanga kukujibu siku hiyo nitakueleza. Naomba uanze nami mbali kidogo, maana nikirukia hapo utatuchukia wote bila kujua tulivyofika.

Unakumbuka kile kipande cha filamu? Gari la sinema lilikuwa limekuja Mwanjelwa kuonyesha watu mambo ya mbolea na mahindi ya kupandwa kwa mistari, na asubuhi yake wewe ukanivuta tukaenda pale uwanjani kuokota vizibo vya soda. Ukaokota mkanda mfupi uliokatika, mweusi, mrefu kama kiganja. Ukaushika juani. Kulikuwa na yule mkulima na jembe lake, mdogo kama punje, amejirudia mara nyingi kutoka juu mpaka chini. Ukaniambia, "Tafuta tofauti." Nikatafuta mpaka macho yakatoa machozi. Mlima nyuma yake ulikuwa uleule, kofia ileile, hata wingu halikusogea. Ni jembe tu lililokuwa linapanda kidogo kidogo. Ukasema, "Sasa hawa wamepiga picha ya mlima mara zote hizi za nini?" Mimi nilicheka. Wewe hukucheka. Ulitembea kimya mpaka nyumbani, kama mtu aliyeibiwa.

Tangu siku hiyo nyumba nzima ikawa ya vimraba. Ulichora mistari kwenye karatasi ya grafu ya shule, herufi juu, namba pembeni, ukanipa mimi moja na wewe ukakaa na nyingine. Mimi jikoni na kipande cha mkaa, wewe uani, ukuta katikati yetu. Mama ndiye tuliyekuwa tunamtuma. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anamenya viazi, na wewe unapaza sauti, "C tano nyeusi, C sita nyeusi, D sita nyeusi," na mimi najaza mpaka anatokea mtu mwenye kilemba na kisu. Halafu Mama akiinua mkono unasema vile vilivyobadilika tu. "Futa E nane. Jaza E saba." Na mimi huku jikoni namwona Mama, kwenye karatasi, anainua mkono.

"Nyie watoto," Mama akasema, "mnanichora au mnanipiga mnada?"

"Tunakutuma jikoni, Mama," ukamjibu.

"Mkinituma hivyo vipande vipande, nitafika mzima kweli?"

Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukamwambia utafika, Mama, shida ni kwamba huyu mtoto wako anajaza mkaa hadi puani. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mbili. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku zile, na haya nakuambia leo kwa sababu usoni kwako nisingeweza.

Kisha ukafaulu, ukaenda Dar es Salaam chuoni, na kutoka huko Serikali ikakupeleka Uingereza. Kwenye barua zako ukawa unanieleza kazi ya maabara kana kwamba bado nipo jikoni na wewe uko uani. Mimi televisheni sijaiona kwa macho yangu, huku kwetu bara haipo, tunasikia tu kwamba Zanzibar wanayo. Lakini kwa maneno yako niliielewa. Ulisema kila picha hukatwa vimraba maelfu na maelfu, kila kimraba kinapewa namba ya mwanga wake, na picha ni ishirini na tano kwa sekunde moja. Ukasema kuzipitisha hizo kwenye waya wa simu ni kama kumimina debe zima la maziwa kwenye shingo ya chupa. Kwa hiyo mashine yenu inatuma picha ya kwanza nzima, halafu inalinganisha, na baada ya hapo inatuma vilivyobadilika tu. Ukuta haujasogea, ya nini kuutuma tena. Kazi yako wewe ni kuifanya ibashiri: uso ukigeukia kushoto, ibashiri utafika wapi, na itume pale tu ilipokosea. Uliniandikia kwamba kompyuta inakaa kutwa nzima ikizitafuna picha za sekunde chache, na profesa wako anataka siku moja ifanye hivyo mtu akiwa bado anaongea. Niliwasomea hayo wasichana wa bwenini kwetu. Mmoja akasema kaka yako anasomea uchawi. Nilijivuna wiki nzima, kimoyomoyo, kama nilivyo.

Ukanieleza na ubaya wake. Vimraba vikipotea njiani, huku mwisho picha haijui. Mtu ameshaondoka kwenye kiti, na kwenye kioo bado amekaa. Atakaa hapo mpaka mtu atume picha nzima upya.

Sasa, Kaka, na sisi ulituwekea sheria hiyohiyo. Ilikuwa asubuhi ya kuondoka kwako, Baba ameshatangulia na sanduku. Ulinipa zile karatasi za buluu za barua za ndege, zinazojikunja zenyewe kuwa bahasha, ukasema, "Hizi ni ndogo. Usinijazie salamu za ukoo mzima. Niandikie kilichobadilika. Usichokitaja, nitajua kiko kama nilivyokiacha."

Mama alikasirika. "Barua isiyo na salamu ni hati ya polisi," akasema. "Basi mimi nitawekewa mstari wangu mwishoni, na huo mstari hamnipunguzii."

Ndivyo ikawa. Mimi niliandika vilivyobadilika: mbuzi amezaa, treni mpya imeanza kupita na watu wanaenda kuitazama kama harusi, Baba amehamishiwa ghala jingine. Na chini kabisa, mstari wa Mama. Yeye kuandika hakujua, kwa hiyo nikiwa likizo alisimama nyuma ya kiti changu na kunitamkia, halafu ananitaka nimsomee tena, asije akawa amepunguzwa. Nikirudi shuleni niliondoka na mistari yake ya akiba. Mstari wake haukuwa salamu hata siku moja. Ilikuwa amri. Nywele zikatwe. Nyama ya huko iangaliwe kabla ya kuliwa. Usikae na unyevu miguuni.

Mwezi wa tatu mimi nilikuwa shuleni Iringa. Baba Mdogo alikuja saa za somo la jiografia, akazungumza na mwalimu mlangoni, nikaitwa. Akaniambia, "Mama yako yuko nyumbani Mlandege. Twende ukamwone." Nilifurahi. Nilidhani amekuja Iringa na lori la mbao kuwasalimia wakwe zake, ukoo wa Baba, kama anavyofanya. Nikakimbia bwenini kuchukua kitambaa cha meza nilichokuwa namfumia, kilibaki kona moja tu. Njiani nikamwongelesha Baba Mdogo habari za kile kitambaa, mimi ambaye siongeagi, nikamwonyesha na ua la katikati. Akasema, "Zuri." Kufika kona ya nyumbani nikaona mabenchi ya kanisa yako nje, wanaume wamekaa kimya, wanawake wamefunga kanga viunoni. Hakuna aliyeniambia kitu. Mama alikuwa kweli yuko Mlandege. Walikuwa wamemleta alfajiri kwa lori kutoka Mbeya.

Ilikuwa siku tatu tu, Kaka. Alianza kukohoa Jumatatu akasema ni baridi. Jumatano Baba akampeleka hospitali, wakampokea vizuri, wakampa sindano, na Alhamisi kulipopambazuka hakuamka. Baba alikuwa amemshika mguu. Haya nimeyajua kwa Mama Mdogo. Baba mwenyewe hajawahi kunisimulia.

Baada ya mazishi wakubwa walikaa sebuleni kujadili habari yako, na mimi nilikuwa nagawa chai. Baba Mdogo ndiye aliyesema kwanza. "Lusajo asiambiwe mpaka amalize. Mtoto akisikia atatupa kalamu, apande ndege, na akishakuja hatarudi." Wazee wote wakaitikia, na usiwaone wabaya. Wewe unajua ni nyumba ngapi za huku zimefanya hivyo kwa kijana aliyeko masomoni. Na Baba Mdogo anasema kitu anachokijua. Alikuwa chuo cha ualimu Babu alipofariki. Akaja kuzika, akabaki kushika shamba, na mpaka leo vitabu vyake viko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Alisema, "Mimi nilikuja kuzika. Kurudi sikurudi tena." Kisha akaniangalia mimi na birika langu. "Na wewe ndiye mwandishi. Mdomo wako uwe kama ulivyo siku zote."

Wote wakatabasamu kidogo, maana mdomo wangu wanaujua. Nikasema ndiyo, Baba Mdogo.

Barua ya kwanza baada ya hapo ilinishinda siku nne. Nilikuwa najiambia sitaandika uongo wowote, nitaacha tu kutaja. Nikakuandikia mvua, choo, mtihani wa hesabu. Nikaisoma nikaona kweli hakuna neno la uongo hata moja. Nikaifunga. Ndipo nilipokuwa kitandani nikakumbuka sheria yako. Usichokitaja, kiko kama nilivyokiacha. Kwako wewe ile nafasi tupu ilikuwa inasema Mama yupo, mzima, anamenya viazi. Kwa mtu mwingine yeyote kunyamaza ni kunyamaza. Kwako nilikuwa nimekuambia uongo wa ukurasa mzima, kwa lugha uliyonifundisha mwenyewe. Na niliituma. Waya haukuharibika, Kaka. Mimi niliamua.

Ya pili nayo nikaituma hivyohivyo. Wewe ukajibu, "Mbona Mama kanyamaza? Amenikasirikia? Barua mbili hazina mstari wake."

Hapa ndipo penye dhambi yangu kubwa, na nisipoandika haraka nitaacha. Katika barua ya tatu niliutunga. Nilikaa kwenye kiti cha bwenini, nikageuka nyuma kama vile kuna mtu amesimama, nikaandika: Mama anasema, ukishaoga maji ya moto usitoke nje kichwa wazi. Hakuwahi kusema hivyo. Ni mimi. Sikuambiwa na Baba Mdogo, sikuambiwa na yeyote. Nilitaka usikie vizuri, na nilitaka, Mungu anisamehe, niisikie sauti yake mimi mwenyewe hata kwa kuitunga.

Na wewe ukajibu, "Nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara ameniuliza nina nini. Hakuna mtu mwingine duniani wa kusema neno hilo."

Kwenye barua hiyohiyo umeniambia habari ya picha. Ile ya studio ya Mwanjelwa, Mama kavaa kitenge kipya, kakaza uso kama anayesubiri kuchanjwa. Unasema umeibandika kwenye ubao na unaisogeza polepole mbele ya kamera ili mashine ijifunze kumfuata, na kwamba uso wake unapita kwenye waya vizuri kuliko nyuso zote mlizonazo, maana yeye hatabasamu, hivyo hapabadiliki mengi. Profesa wako anamwita yule mama mkali. Unasema kila asubuhi ukiwasha mitambo wa kwanza kutokea ni yeye, kwa vimraba vikubwa, kisha vidogo, mpaka anakamilika, na wewe unamwamkia kwa sauti na wenzako wamezoea.

Nilisoma hapo nikiwa nimesimama kwenye foleni ya maji. Nikatoka kwenye foleni.

Na sasa simu. Nilipompa Baba barua yako ya Ijumaa alisoma, akaikunja, akaisoma tena. Akampelekea Baba Mdogo habari Iringa, naye akaja Jumamosi. Mama Mdogo, mdogo wake Mama yule wa Tukuyu, yuko hapa nasi tangu msiba, ndiye anayetupikia. Baba Mdogo akamwangalia muda mrefu, halafu akasema, "Shemeji, wewe na marehemu sauti zenu ni moja."

Mama Mdogo akaelewa upesi kuliko mimi. "Shemeji, hapana. Hilo jambo zito."

"Zito kuliko mtoto kutupa shahada imebaki miezi mitatu? Simu yenyewe ya huko mbali inakoroma kama gari bovu. Unasema maneno mawili, unakohoa kidogo, dakika zinakwisha. Nani atajua?"

Nilitaka kusema, Lusajo atajua. Huyu ndiye mtu mmoja tunayemjua ambaye kazi yake kutwa ni kutazama vitu viwili vinavyofanana na kusema tofauti iko wapi. Nilitaka kusema hivyo na nikaangalia meza, kama darasani. Baba naye alitoka nje kuangalia mbuzi.

Jana, baada ya ibada, nilikuwa jikoni napepeta maharage. Mama Mdogo alikuwa uani anaanika nguo, ukuta katikati yetu. Nikasikia, kwa lile "wewe mwana" la lugha ya Tukuyu, "Lusajo. Gwe mwana, unakula?"

Kaka, nilisimama. Ungo ukaniponyoka na maharage yakatawanyika mpaka kwenye majivu. Kwa muda mdogo kabisa Mama alikuwa pale nje na kilemba chake. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kumwitikia. Halafu Mama Mdogo akaingia, akaniona nilivyo, akayaona maharage. Akapiga magoti akaanza kuyaokota, moja moja, hanitazami.

"Nilikuwa najaribu tu," akasema. "Imetoka sawa?"

"Sawa kabisa, Mama Mdogo."

"Ndiyo maana nimeogopa," akasema. Akaokota mengine. "Mwandikie, mwanangu. Mimi siwezi kumkatalia shemeji mbele ya watu. Wewe una kalamu."

Ndiyo nimeandika. Kama ningekuwa jasiri ningewaambia kwa mdomo, lakini ninachoweza ni hiki. Nimefikiria ile njia ya kutoka shuleni mpaka Mlandege, mimi na kitambaa changu, naongea kwa furaha na mtu anayejua. Wewe tumekutembeza njia hiyo miezi mitatu. Ungefika siku moja, na shahada yako mkononi, ukakuta nyumba ina miezi kadhaa imeshazoea kuishi bila yeye, kila mtu ameshalia, na wewe peke yako unaanza. Hilo ndilo sikutaka likupate. Kama utatupa kalamu, utaitupa ukijua. Mimi sikuombi uitupe wala usiitupe. Naomba tu uamue ukiwa unayo yote.

Naacha hapa. Baba yuko nje anachonga mpini wa jembe. Nitaiweka barua mezani pembeni ya kikombe chake cha uji, kisha nitaingia chumbani, maana kumtazama akisoma sitaweza.

Naendelea. Ni saa tano asubuhi na mambo yamekwenda hivi.

Baba aliingia, akakaa, akavaa miwani. Mlango wangu sikuufunga vizuri. Alisoma kwa kidole, kama anavyosoma Biblia, mstari kwa mstari, na uji ukaganda. Nilijua alipofika kwenye habari ya mguu kwa sababu aliinua kidole na kukiweka mezani. Hakuwahi kuniambia kwamba alimshika, na sasa anaona kwamba najua. Halafu akaendelea.

Baba Mdogo akaingia akitoka kunawa. Akaiona barua ilivyo ndefu, akaelewa.

"Hiyo haitoki, kaka," akasema.

Baba hakuinua kichwa. "Subiri nimalize."

"Nimesema haitoki. Mtoto wa kike wa kidato cha tatu ndiye wa kuamua mambo ya ukoo?"

"Amenishinda mimi," Baba akasema. "Mimi nilikwenda kuangalia mbuzi."

"Na mvulana akirudi? Akiacha kila kitu akaja hapa kushika jembe kama mimi? Utamtazamaje?"

Baba akavua miwani. Sikuwahi kumsikia akizungumza na mdogo wake kwa upole vile. "Wewe ulikuja kumzika baba yako," akasema. "Umepoteza chuo, ndiyo. Lakini ulimzika. Nani alikuambia ungekuwa na amani ukiwa na hicho cheti na hukumzika?"

Baba Mdogo alibaki na taulo begani. Kisha akatoka akakaa kwenye ngazi ya nje, mgongo kwetu, na bado yupo hapo ninapoandika. Hakuna aliyeshinda, Kaka. Anakupenda, na anaogopa, na huenda akawa sahihi.

Baba akaniita. Nikatoka, nikasimama mbele yake, macho chini. Nilidhani ataanza na ule mstari niliomtungia Mama. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote. Aligeuza kurasa, akatafuta, akageuza tena.

"Humu hujamwandikia tumemzika wapi," akasema.

Nikasema kweli, Baba, nimesahau.

"Sasa mtu atamliliaje mama yake hajui alipolala? Kaa. Andika ninavyokuambia."

Haya yanayofuata ni maneno yake, sijaongeza wala kupunguza. Anasema: Jumamosi ile saa nane nitakuwa posta mimi, peke yangu, nitaishika simu mimi. Kama utakuwa umeikasirikia sauti yangu, usiikate, kaa tu kwenye simu. Anasema: Mama yako tumemlaza shambani kwa Babu, ng'ambo ya Mlandege, mkono wa kushoto ukishapita kanisa, ubavuni kwa Bibi. Tulimvika kile kitenge kipya. Anasema: kaburi bado ni la udongo. Watu wananiuliza mbona hulijengei, nawajibu kwamba mwenye kuweka msalaba yuko masomoni. Sitauweka bila wewe. Uje sasa au uje mwakani, utakuta udongo, na magugu nitakuwa nimeyang'oa.

Alipoona nimeweka kalamu chini akasema basi, funga sasa.

Amevaa koti, anasubiri mlangoni twende wote posta. Mama Mdogo amenifungia muhogo wa kuchoma kwenye gazeti, nile njiani.

Kaka, miezi mitatu yote hii kila ninayekutana naye ananishika mkono na kunipa pole. Njiani, kanisani, kisimani, hata watu nisiowajua. Wewe hakuna aliyekupa. Acha niwe wa kwanza.

Pole, Kaka. Pole sana.

Mdogo wako,
Tusa